Wewe Si Unabaki Tu

Ufunguo wa kwanza uliletwa na Mama Shiku saa moja asubuhi, kabla Jacklyne hajanawa uso.

"Jackie, sasa. Umeamka? Ni paka tu." Mama Shiku alikuwa tayari amevaa kofia pana ya ukindu, kana kwamba jua la Mombasa lilikuwa limepanda mpaka orofa ya tatu ya ploti yao pale Kabiria kumchukua. Nyuma yake mumewe, Thuo, aliburuta masanduku kwenye ngazi, na binti yao Shiku alilalamika kwamba chaja yake haionekani. "Asubuhi na jioni. Chakula chake kiko kwa kabati. Na hizo mboga zangu za sukuma za gunia pale kibarazani, unazipea maji kidogo. Wewe si unabaki tu?"

Jacklyne alikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa tayari kooni. Lakini yeye alikuwa mtu wa kuona haya hata akiulizwa njia na mgeni barabarani, na kilichotoka kinywani mwake kilikuwa, "Sawa, Mama Shiku. Safari njema."

Wa pili alikuwa Dalmas wa orofa ya nne, fundi wa stima, aliyekuwa akienda Bungoma. Yeye alifuga sungura juu ya paa, mahali pa kuanikia nguo, kwenye vizimba alivyovipigilia mwenyewe.

"Ni kumi na mmoja tu," alisema. "Wanakula, wananyamaza. Watu wapole kama wewe, mtasikizana."

Mwalimu Kanyiva wa orofa ya kwanza alimkabidhi ufunguo bila hata kusema ni wa kazi gani. "Kama kuna kitu," alisema, akateremka.

Na wa mwisho, jua likiwa limeanza kulegea, alikuwa Zachariah, mtunza ploti mwenyewe. Alikuja amevaa koti la suti na kofia, mkoba mkononi, akinukia sabuni. Alimpa funguo mbili: wa lango na wa kibanda cha pampu.

"Siste, naenda nyumbani Kitale," alisema. "Maji ya kanjo, haya ya baraza la jiji, yakikuja, fungua pampu, ukae hapo mpaka tangi la juu lijae. Ukiyaacha, yanapotea. Na lango ufunge saa tatu. Kazi ndogo. Wewe si unabaki tu?"

Jioni ile, Jacklyne alizipanga funguo mezani, akazitazama. Ploti nzima ya watu ilikuwa imekaa pale mbele ya kikombe chake.

Kosa lake, kama lilikuwa kosa, ni kwamba aliulizwa akajibu ukweli, kazini na pale ploti. Kule mjini, kwenye kliniki ya meno alikofanya kazi ya mapokezi, watu wote walikuwa wakiulizana wiki nzima, "Krismasi unaenda wapi?" Huyu Nyeri, yule Kisii, mwingine Diani na wenzake wa chuo. Ilipofika zamu yake alisema, "Niko tu nyumbani." Wakamwambia pole. Msimamizi wake hata alimshika bega, kama mtu anayemliwaza mfiwa.

Ile pole ilimuuma. Kwa sababu Jacklyne hakuwa amekosa pa kwenda. Kwao Ugenya palikuwepo, na njia alikuwa akiijua. Lakini kwa miaka mitatu mfululizo kila likizo yake ilikuwa imeliwa. Mwaka mmoja ilikuwa matanga ya babu, mwaka uliofuata harusi ya kaka yake Clifford, kisha matanga tena, na kila Krismasi ni yeye na masufuria, akipikia watu ambao nusu yao hakuwajua majina. Alirudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Safari hii, hakuna aliyekufa wala aliyeoa. Alipompigia mama yake kumwambia kwamba hatakuja, mama alisema, "Lala, nyara, binti yangu. Lala hata na usingizi wangu."

Basi alipanga. Siku kumi na moja nyumbani kwake, ndani ya chumba chake kimoja alichokuwa akikijua gizani tu, kwa maana alitoka humo alfajiri na kurudi jioni. Alitaka kujua jua huingia dirishani saa ngapi. Alitaka kupika chapati na kuila ya kwanza ikiwa bado inafuka, amesimama palepale jikoni, bila kumpelekea mtu. Alitaka kutembea mjini bila kutumwa. Tena alilitaka lile paa. Desemba, ploti ikihama, kamba za nguo hubaki tupu kule juu, na milima ya Ngong huonekana yote, bega kwa bega, bila shuka la mtu kuifunika. Kwa ajili ya paa alikuwa ameenda kwa Musili, seremala wa Barabara ya Ngong, aliyemtengenezea kiti cha kulalia, cha mbao na turubai.

"Hiki unapeleka pwani?" Musili alimuuliza.

"Napeleka Kabiria."

Musili alicheka mpaka akaweka randa chini.

Siku ya kwanza ya likizo alilisha paka, akanywesha sukuma, akapanda kuwapa sungura majani, akashuka akavaa gauni lake la maua akaenda mjini. Jiji lilikuwa limetoka watu. Alivuka Mtaa wa Moi polepole, katikati, kama mwenye nao. Alinunua kitabu kuukuu kwa muuzaji wa kando ya barabara, akaingia kwenye hoteli moja ambayo kwa miaka yote alikuwa akiipita mbio, akakaa karibu na dirisha, akaagiza chai. Chai ilikuwa bado haijafika simu ilipolia.

"Jackie mrembo," alisema Dalmas. "Hebu nipigie picha sungura mmoja mweusi, yule mama. Nimeota ametoroka."

"Niko mjini, Dalmas."

"Mjini unafanya nini?"

"Nimekuja tu... kutembea."

"Aa! Kama unatembea tu, basi si uende hapo nyumbani mara moja? Ni mnyama, siste. Hana mtu mwingine."

Akaenda. Alimezea mate chai ya watu, akarudi Kabiria, akapanda ngazi zote mpaka juu. Sungura mweusi alikuwa amelala, anatafuna hewa. Jacklyne alimpiga picha. Alijisikia akisonya, akadhani ni uchovu wa ngazi.

Haukuwa uchovu. Krismasi yenyewe alirudi kutoka kanisani, akakanda unga, akaweka kikaango motoni. Chapati ya kwanza ilikuwa imeanza kuvimba upande mmoja Mama Shiku alipopiga simu ya video. Nyuma yake bahari nzima ilikuwa ikimeremeta.

"Jackie! Merry Krismasi! Hebu ingia kwangu mara moja, Shiku anataka kumwona paka."

"Nina chapati motoni, Mama Shiku."

"Ni dakika moja, aki."

Dakika moja ile ilikuwa ya kumtafuta paka chini ya kitanda, kumvuta, kumwinua mbele ya simu huku paka akimkwaruza shingoni, na kumsikia Mama Shiku akisema, "Mbona amekonda? Jackie, unampa kweli, ama unamwekea tu?" Aliporudi kwake, chumba kilikuwa cheupe kwa moshi na chapati ilikuwa nyeusi kama kifuniko cha sufuria. Alifungua dirisha. Jirani wa ploti ya pili alimpungia mkono akiuliza kama kuna moto. Jacklyne alisema hapana. Lakini ulikuwapo, kifuani mwake, na hakuwa na desturi ya kuwasha moto wa namna hiyo, kwa hiyo hakujua pa kuuweka. Aliufunika. Akala mkate.

Maji ya kanjo yalirudi siku mbili baadaye, yakiwa yamekatika tangu katikati ya mwezi. Aliyasikia yakikohoa kwenye mabomba asubuhi mapema. Akashuka, akafungua kibanda, akawasha pampu. Zachariah alikuwa amesema akae mpaka tangi lijae, na kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze Jacklyne aliona kwamba kazi na raha zinaweza kukaa kiti kimoja, kwa kuwa tangi lilikuwa kule juu. Alipandisha chai ndani ya chupa, akapandisha kitabu, akakilaza kiti cha Musili mbali na vizimba.

Lo, asubuhi ile! Milima ilikuwa pale. Jua lilimpasha vidole vya miguu kimoja kimoja. Alisoma kurasa thelathini bila kuinua kichwa, na kila alipogonga tangi kwa kiganja, tangi likamjibu kwa sauti ya utupu, alifurahi. Lisijae. Lichukue muda wake. Kwa saa mbili na nusu hakuna aliyemwita.

Kisha akasikia kitu kama mvua ndani ya nyumba.

Aliteremka. Maji yalikuwa yakishuka ngazi kutoka orofa ya tatu, yametulia, yanang'aa, yakibeba ndala moja ya Shiku. Yalitoka chini ya mlango wa Mama Shiku.

Kila mtu wa ploti zile anajua jambo hili na kila mtu hulisahau. Maji yakikatika, unafungua mfereji kuona kama yamerudi. Hayajarudi, unaenda zako. Mfereji mkavu uliofunguliwa haupigi kelele wala hauonekani. Mama Shiku aliufungua wake wa jikoni, tambara la vyombo likiwa limeziba tundu la sinki, akavaa kofia yake ya ukindu akaenda Mombasa. Na Jacklyne, kila siku akimlisha paka, hakuwa na sababu ya kutazama sinki. Maji yote aliyokuwa akiyapandisha kwa pampu, akiyasubiri kwa kitabu na chai, yalikuwa yakishuka kwa bomba moja mpaka kwenye kapeti la Mama Shiku.

Alifunga mfereji, akavaa nguo za kazi, akaanza kupiga deki. Alikamua tambara, akakamua, akakamua. Paka alikaa juu ya televisheni akimtazama. Jua likahama kutoka dirisha la mbele hadi la nyuma. Ilipofika saa kumi alikuwa hawezi kuunyoosha mgongo, na ndipo alipopiga simu. Aliomba radhi kwanza. Jambo hilo lingemuudhi baadaye kuliko yote: kwamba yeye ndiye aliyeanza kwa kusema, "Mama Shiku, pole sana."

"Kapeti langu?" Mama Shiku alipiga kelele. Kulikuwa na muziki na watoto. "Lile la sebuleni? Jackie! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa juu. Nilikuwa nimekaa."

"Umekaa unafanya nini?"

"Nimekaa tu. Nasoma."

"Ati unasoma. Nyumba inajaa maji, wewe unasoma. Sasa Jackie, si kazi yako ilikuwa hiyo moja tu? Si ndiyo sababu nilikuachia wewe?"

"Mfereji ulikuwa wazi, Mama Shiku. Uliuacha wazi."

"Sijakataa. Lakini mimi niko likizo, naweza kusahau. Wewe uko hapo." Akavuta pumzi. "Haya. Kesho lipeleke hilo kapeti kwa wale vijana wanaosafisha pale Kona. Lisioze."

Usiku ule usingizi haukumjia vizuri. Asubuhi alilikunja kapeti, zito kama maiti, akamlipa mwenye mkokoteni na kutembea kando yake mpaka Kona, pale Dagoretti Corner. Njia nzima aliongea peke yake. Mimi niko likizo, naweza kusahau. Wewe uko hapo. Alisema kwa sauti ya Mama Shiku, kisha kwa sauti yake, na kila aliporudia akajua kitu alichokuwa hajakijua: kwamba hakuwa amechoka wala hakuwa ameumia. Alikuwa amekasirika. Alikuwa amekasirika tangu ufunguo wa kwanza.

Hapo ndipo alipomwona Zachariah.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la kibanda cha chai, nyuma ya kituo cha magari, amevua viatu, vidole vya miguu vinapunga upepo. Gazeti limekunjuliwa mapajani, mandazi mawili kwenye sahani. Uso wake ulikuwa na raha ya mtu ambaye hakuna anayejua alipo.

"Zachariah."

Gazeti lilishuka. Mzee yule alitafuta viatu vyake kwa miguu bila kuangalia chini.

"Siste! Aa. Unajua, nilikuwa—"

"Uko Kitale."

"Sikuenda."

"Naona."

Mwenye mkokoteni alisimama kuangalia. Zachariah alijikuna shingo. "Nimekaa kwa binamu, hapo Kawangware. Sikiza, siste, usikasirike. Nikibaki ploti Krismasi, kuna kupumzika hapo? Mlango wangu unagongwa saa kumi na moja asubuhi. Zachariah stima, Zachariah choo, Zachariah kijana wangu amefungiwa nje. Nikisema nimepumzika, wananiambia unapumzika na uko hapa? Kwa hiyo mimi husema Kitale. Mwaka wa nne sasa. Kitale sijaiona tangu mama azikwe."

Jacklyne alijua kila neno alilosema ni kweli, na moyo wake, uliozoea kulainika, ulianza kulainika. Kisha mgongo ukamchoma kwa ile deki ya jana.

"Ukanipa mimi," alisema.

"Wewe si ulikuwa una—"

"Usiseme!" Mwenye kibanda aligeuka na birika mkononi. Jacklyne hakuwahi kusikia sauti yake ikiwa kubwa namna ile. Ilikuwa kama ya mtu aliyesimama nyuma yake. "Usiseme hilo neno. Nilikuwa nikijificha wapi, mimi? Nilisema ukweli. Watu wote mmenipa milango yenu kwa sababu nilisema ukweli! Wewe unalipwa kufungua ile pampu, mzee wangu. Mimi ni mpangaji. Nilikuwa na siku kumi na moja. Kumi na moja! Unajua nimekaa saa ngapi kwenye kiti changu? Saa mbili na nusu. Na hizo ndizo nilizogombezewa."

Zachariah alikunja gazeti taratibu, mara mbili, mara tatu. Alipozungumza alishusha sauti kama anayempa siri ya biashara.

"Basi fanya kama mimi. Andika kwa grupu ya ploti: nimeitwa nyumbani ghafla. Funga pazia. Ingia na viatu mkononi, redio chini kabisa, taa usiwashe mbele. Utapumzika, siste. Hakuna mtu atakusumbua. Mimi nitarudi nilishe hao wanyama, nitasema gari lilipatikana mapema. Tumalize hivyo."

Na ilikuwa rahisi. Hilo ndilo lililomkera zaidi, jinsi ilivyokuwa rahisi. Aliuona mchana wake utakavyokuwa: yeye ndani ya chumba chake mwenyewe, ambacho hukilipia kodi kila mwezi, ananyata kama mwizi, chapati anaipika bila harufu, jua linagonga pazia na yeye hawezi kulifungulia.

"Hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siendi popote. Niko nyumbani, na pazia langu litakuwa wazi." Alichomoa funguo zote kutoka mfukoni, zile mbili za Zachariah, wa paka, wa sungura, na ule wa Mwalimu Kanyiva usiokuwa na kazi, akazimwaga kwenye sahani, juu ya mandazi. "Wewe utarudi leo. Useme ulichotaka kusema, mimi sitakuumbua. Lakini nikirudi nikute umeshalisha. Na hili kapeti pia ni lako, lishushe."

"Siste, mgongo wangu—"

"Wangu ndio usiutaje."

Akaondoka. Alitembea kuelekea Woodley, siyo Kabiria, kwa sababu miguu yake ilitaka kutembea kwa kishindo na kule kuna njia tulivu kati ya zile nyumba za zamani za kanjo, zenye ua na maua ya bougainvillea yaliyomwagika juu ya kuta. Aliyapita kwa hasira. Aliyaona mekundu, ya zambarau, meupe, na kila rangi aliitazama kwa hasira, akaipenda kwa hasira. Alisimama chini ya kivuli akaandika kwenye grupu ya ploti. Alifuta mara nne. Mara ya tano akatuma: "Mimi nimo likizoni nyumbani kwangu hadi tarehe mbili. Zachariah amerudi, mambo yote ya ploti aulizwe yeye. Tafadhali msinipigie."

Dalmas akajibu kwa alama ya kucheka. Kisha akaandika, "Likizo ya Kabiria??" Mwalimu Kanyiva aliweka kidole gumba, peke yake, bila neno.

Asubuhi iliyofuata Jacklyne alifungua pazia mpaka mwisho wa chuma, akafungua na mlango. Jua huingia saa mbili na robo. Sasa alikuwa anajua. Alisikia Zachariah akipanda ngazi na ndoo ya majani ya sungura, akapita mlangoni bila kutazama ndani. Unga ulikuwa umekandwa. Chapati ya kwanza ilikuwa imevimba pande zote mbili simu ilipolia, na jina lilikuwa la Mama Shiku.

Angeweza kuiacha ilie. Alishika, kwa sababu alitaka kusikika.

"Jackie, nini hii umeandika kwa grupu? Ni kunikasirikia, ama?"

"Ndiyo, Mama Shiku. Nimekukasirikia."

Mama Shiku aliguna.

"Haya, tutaongea nikikuja. Sasa hebu niangalizie tu kama huyo Zachariah amempa paka—"

"Muulize Zachariah."

"Kwani wewe uko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Sasa kama uko nyumbani, shida iko—"

Jacklyne alikata simu. Hakuwa amewahi kumkatia mtu mzima simu katika maisha yake yote. Alisonya, na safari hii hakujidanganya ni ngazi. Alijua kwamba Mama Shiku atarudi, kwamba watakutana kwenye ngazi zile kila asubuhi, na kwamba huenda mwaka mzima utakuwa wa salamu fupi. Mawazo hayo yalimwogopesha kiasi cha kutaka kuinua simu tena aombe radhi.

Badala yake aliiweka kwenye droo ya vijiko, akaisukuma ndani.

Kisha akaichukua chapati kutoka kwenye kikaango kwa vidole, ikamchoma, akairusha mkono hadi mkono, akaikunja, akaiuma amesimama palepale. Ilimuunguza ulimi. Aliitafuna ikiwa ya moto vilevile, machozi yakimlengalenga, huku amekunja uso kama anayegombana na mtu, mpaka ikaisha. Halafu akasukuma donge la pili la unga.